Nilivyojifunza kumsaili mtu asiyesema sana

Usaili wa kwanza kuuongoza ulikuwa wa nafasi ya mtunza hesabu. Tuliyemchagua alituteka ndani ya dakika kumi: anajieleza vizuri, anacheka nasi, hana wasiwasi. Miezi mitatu baadaye hesabu za mwezi wa kwanza zilikuwa bado hazijafungwa. Niliporudia niliyoyaandika siku ile, nikakuta neno "mchangamfu" mara mbili, na kuhusu hesabu hakuna hata mstari.

Iliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Kabla ya kutangaza nafasi upya nilisoma mapitio ya wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter ya mwaka 1998, yaliyokusanya utafiti wa miaka 85. Yalionyesha kuwa usaili wenye maswali yaliyopangwa hubashiri utendaji kazini vizuri kuliko mazungumzo huria. Sisi tulikuwa tumepiga soga. Basi tukaandaa maswali matano, yaleyale kwa kila mtu, na kila mwanajopo aandike alama kabla hatujasemezana. Tukaongeza zoezi la nusu saa: daftari la fedha na taarifa ya benki visivyolingana, msailiwa atafute tofauti.

Hata hivyo watu hawafanani. Msemaji mmoja kila hadithi yake ilikuwa "tulifanya", ikabidi nimuulize tena na tena: wewe mwenyewe ulifanya nini? Aliyetetemeka nilianza kwa kumwomba anieleze siku yake ya kawaida kazini, na sauti ikatulia.

Kisha akaingia dada mmoja mkimya. Nilimwomba aeleze kosa kubwa aliloligundua kazini. Akanyamaza. Mwenzangu akataka kumsaidia, nikamwashiria asubiri. Kimya kile kilikuwa kizito kwangu pia. Alipoanza, alieleza hatua kwa hatua jinsi alivyonasa ankara iliyolipwa mara mbili kwa sababu nambari yake iliingizwa mara ya pili bila kistari. Kwenye zoezi alipata tofauti zote.

Tangu hapo humwambia kila anayeketi mbele yangu: fikiri kwanza, kimya hakikupunguzii alama.

Wakati wa majadiliano mwenzangu alisema anahofia dada yule hataelewana na wenzake. Nikamwomba anionyeshe jibu lililompa hofu hiyo. Alipekua karatasi zake zote, hakuliona. Tukajumlisha alama.