Jumamosi ile Checkpoint Charlie

Mtoto wa dada yangu ameanza kujifunza sello, ile fidla kubwa inayopigwa mtu ameketi. Tangu ahamishie mazoezi yake barazani kwangu, nyumba nzima inanuka ule ulimbo wanaoupaka kwenye upinde. Juzi kaniuliza: "Mjomba, unaipenda kweli au unanivumilia tu?" Nikamjibu nakuvumilia. Usiku usingizi haukuja, ikaja Berlin.

Tarehe 11 Novemba 1989. Nilikuwa mwanafunzi Berlin Mashariki. Ukuta ulioutenga mji na upande wa Magharibi ulikuwa umefunguliwa Alhamisi usiku, na mji ulikuwa bado haujalala. Mwenzangu wa bwenini, Mjerumani, akanigongea mlango asubuhi: nimpeleke ng'ambo akachukue zile mark 100, fedha ya Kijerumani, ambazo Magharibi ilikuwa ikimkaribishia kila raia wa Mashariki. Nimpeleke mimi! Sisi wanafunzi wa kigeni, na pasi zetu mfukoni, tulikuwa tukivuka kununua kahawa na kaseti, na yeye aliyezaliwa karibu na ukuta hajakanyaga upande wa pili hata mara moja. Njia za kule nilizijua mimi. Basi nikatangulia, mtoto wa Kikwajuni, Unguja, na mwenyeji wangu akanifuata nyuma, macho juu kwa juu.

Tulipita Checkpoint Charlie, kituo cha kuvukia kwenda Magharibi. Hatukufika mbali, tukakuta watu wameduarika. Mzee mwenye upara na miwani ameketi kwenye kiti cha kuazima, kaupa mgongo ukuta uliojaa michoro ya rangi, sello katikati ya magoti. Mwenzangu akanikamata mkono. "Rostropovich," akasema, mpiga sello mashuhuri wa Urusi. Alimjua kwenye televisheni ya Magharibi, ambayo Berlin Mashariki yote iliitazama na hakuna aliyekiri kuitazama.

Mimi sello nimekua nayo. Marehemu ami yangu aliipiga kwenye taarab miaka na miaka. Lakini kwenye taarab sello inakaa nyuma: fidla zinaongoza, ganuni inapamba, mwimbaji anatunzwa mpaka noti zinamwagika sakafuni, na mpiga sello hatunzwi na mtu. Ukiuliza nani kapiga sello jana, watu wanatazamana. Kwa hiyo sikuwahi kuisikia peke yake, haina wa kuisindikiza.

Alianza na muziki wa Bach, mtunzi wa kale wa Kijerumani, ule wa kuchangamka, kitu cha kuchezeka, watu wakatabasamu. Kisha akanyamaza, akainamisha kichwa, akaingia kwenye sarabande, ngoma ya zamani ya mwendo wa polepole. Upinde ulipogusa uzi mnene, sauti ilitanguliwa na mkwaruzo mdogo, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kutoa wasia. Hakuwa na haraka. Kati ya sauti moja na nyingine aliacha nafasi, na katika zile nafasi ndipo nilipowasikia watu kule mbele wakiugonga ukuta kwa nyundo na patasi: ko, ko, ko. Hawakuwa wakimsikiliza, wala yeye hakuwangoja. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi, na kila vikishuka shingoni mwa sello vilitetemeka kidogo, mtetemo ule ule wa ami.

Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe. Kwetu mtu akikufikisha hapo unainuka, unakwenda kumtunza. Nikaishika noti ya mark za Mashariki, nikakumbuka kule ni karatasi tu, nikaiacha. Nikamgeukia mwenzangu, alikuwa analia bila kujificha.

Habari za yule mzee nilizisoma baadaye. Kazaliwa Baku mwaka 1927. Shostakovich, mtunzi mkubwa wa Kirusi, alimtungia konseto zake zote mbili za sello, yaani muziki wa sello na okestra. Mwaka 1969 alimpa hifadhi nyumbani kwake mwandishi Solzhenitsyn, aliyekuwa akiandamwa na serikali, na mwaka uliofuata akaandika barua ya wazi kumtetea. Milango ikaanza kufungwa. Mwaka 1974 akatoka Urusi, na mwaka 1978 wakamvua uraia, yeye na mkewe, mwimbaji Vishnevskaya. Habari za ukuta zilimkuta Paris. Akapanda ndege ya rafiki yake na kuja bila kualikwa na mtu. Ile sarabande ilikuwa ya waliokufa wakijaribu kuvuka. Uraia alirudishiwa mwaka 1990.

Yote hayo ni sawa, na heshima yake ninampa. Lakini kuna kitu sijakipanga vizuri mpaka leo. Nchi iliyokuwa ikizikwa pale, Ujerumani Mashariki, ndiyo iliyonilisha, ikanisomesha, ikanipa hata lile koti nililovaa. Kijerumani nilikifundishwa Leipzig, mji alikozikwa huyo huyo Bach. Mwenzangu alikuwa harusini. Mimi nilikuwa wapi? Wakati mwingine nadhani nililia pia, wakati mwingine naona ulikuwa upepo tu. Nikimuuliza yeye anasema nilisimama wima kama askari, na yeye ndiye aliyekuwa amejaa machozi, kwa hiyo ushahidi wake siutegemei.

Muziki ulipokwisha watu wakapiga makofi, tukaenda zetu kupanga foleni benki. Foleni ilikuwa ndefu ajabu. Alipotoka na zile mark 100 aliniambia anataka kulipa deni la kahawa yote niliyokuwa nikimletea. Nikakataa, kama ada. Akasisitiza. Nikapokea, tena nikahesabu.