Nilikuwa natafuta sindano ya testosteroni, kumbe tatizo liko kichwani

Nina miaka 37, naishi Mbagala, kazi yangu ni stoo ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Haya nayoandika yamenichukua karibu mwaka na nusu kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie, maana najua kuna mtu sa hivi anapitia nilipopita mimi na hajamwambia mtu yeyote.

Ilianza polepole mpaka siwezi kusema ilianza lini. Kwanza ile ya asubuhi. Mwanaume anajua mwili wake ukiamka unakuwaje, mimi ikaanza kuja mara moja moja, baadae ikawa haiji kabisa. Halafu hamu yenyewe ikaisha. Hapa wengi wanachanganya, kuna anayetaka anashindwa, na kuna ambaye hata kutaka hataki, mimi nilikuwa huyo wa pili, mke wangu anapita mbele yangu na kanga moja namuona kama nimeona mlango. Nachoka ovyo, mfuko wa simenti niliokuwa naunyanyua bila kufikiri sasa nauangalia kwanza. Na ndevu. Mimi nilikuwa nanyoa kila Ijumaa kabla ya swala, ikafika nakaa wiki tatu kinyozi ananishika kidevu anasema kaka hapa hamna kitu cha kunyoa, umeanza kutumia dawa gani? Yeye ndo mtu wa kwanza kuona na wala hakujua anachokiona.

Kuna mambo mengine mawili sikuyahesabu kabisa. Kichwa kilikuwa kinaniuma mbele huku nyuma ya macho, nameza panadol yanaisha. Na nilikuwa najigonga bega kwenye fremu za milango, tena mlango wa nyumbani kwangu nilioupita miaka 8. Siku moja bodaboda alinikosa kidogo tu pale Msimbazi, akanitukana sana, na mimi nikamtukana kwa sababu naapa sikumuona, alitokea pembeni kama ameshushwa.

Sasa mtu ukimwambia rafiki una upungufu wa nguvu za kiume utapewa dawa kabla hujamaliza sentensi. Nikala karanga mbichi, nazi na mihogo mibichi za wale wanaotembeza na sinia, nikanywa supu ya pweza karibu kila jioni, mwingine akaniletea vumbi la Kongo. Pweza na karanga ni chakula kizuri sijasema vibaya, ila havikubadilisha kitu. Ule unga ndo sitaurudia, usiku ule moyo ulikwenda mbio nikakaa kitandani nimeshika kifua mpaka alfajiri. Daktari baadae aliniambia kwamba unga wa namna hiyo mara nyingine unachanganywa na dawa za hospitali bila kuandikwa popote, hujui umekula miligramu ngapi.

Mwisho jamaa mmoja wa mazoezi akaniambia wewe homoni imeshuka, kapime. Nikaenda maabara moja ya mtaani saa 10 jioni baada ya kazi, nimeshakula wali, nikalipa 35,000, jibu likaja testosteroni, ile homoni ya kiume, 131. Yule jamaa akanipeleka duka la dawa analolijua yeye, muuzaji akaangalia karatasi hata nusu dakika haikufika akasema hii ndogo, nakuchoma sindano moja leo, unarudi baada ya wiki tatu, utakuwa mtu mpya. Nilikuwa nimeshatoa hela mfukoni. Kilichoniokoa ni kwamba sindano zilikuwa zimeisha, akaniambia njoo kesho kutwa.

Usiku huo mke wangu akaniambia kitu ambacho alikuwa amekibeba muda mrefu. Akasema baba Nasra kama una mtu mwingine niambie tu, nimechoka kukisia. Nilikosa cha kusema. Nikamtolea ile karatasi ya maabara nikamueleza kila kitu, unga, sindano, vyote. Akaisoma akanyamaza, akasema hapana, hiyo sindano huchomwi, kesho unaomba ruhusa tunaenda hospitali.

Daktari tuliyempata ni binti mdogo, kiumri mdogo wangu kabisa, nikaona aibu nikaanza kuzunguka zunguka na habari za uchovu na kichwa. Akaniacha nikamaliza, halafu akauliza kwa utaratibu tu kama anauliza habari za malaria, kaka, asubuhi unaamka uume umesimama? Hamu ikoje? Mna watoto wangapi, mnataka mwingine? Hapo nikaongea yote. Nikamwambia tunataka wa pili, Nasra ana miaka 6 na hatujawahi kuzuia.

Alipoiona karatasi ya 131 akasema kipimo hiki siwezi kukitumia peke yake. Testosteroni inapanda asubuhi inashuka kadri siku inavyokwenda, ukila nayo inashuka, kwa hiyo inapimwa asubuhi kati ya saa 1 na saa 4, hujala kitu, na inapimwa mara mbili siku tofauti ndo unasema iko chini. Na ukiwa unaumwa, una homa au ndo umetoka kulazwa, inashuka yenyewe, unasubiri upone kwanza. Kuhusu sindano akanieleza kitu nikapoa mwili mzima. Akasema ukiingiza testosteroni kutoka nje, ubongo unaona imejaa, unaacha kutuma amri kwenye korodani, na korodani zikikosa amri zinapunguza kutengeneza mbegu, wengine zinafika sifuri kabisa. Yani mtu anayetafuta mtoto ndo wa mwisho kuchomwa hiyo kitu. Kuna wanaume inawafaa kabisa, wale ambao korodani zenyewe zimeharibika, labda matubwitubwi yaliwashukia huko chini ukubwani au wamezaliwa na shida ya kromosomu, na hao wanafuatiliwa damu isije ikawa nzito na tezi dume nayo inaangaliwa. Lakini kwanza lazima ujue kwa nini imeshuka. Hilo swali la kwa nini hakuna mtu alikuwa ameniuliza mpaka siku ile.

Halafu akaniuliza dawa ninazotumia, za kuzuia kutapika kama Plasil, za magonjwa ya akili, za maumivu makali, nikasema hamna. Akauliza kama nakoroma, maana watu wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini na wenye vitambi na kisukari nao inashuka. Akanipima macho kwa vidole vyake tu. Alikaa mbele yangu, akaniambia niangalie pua yake nisihamishe macho, akanyoosha mikono pembeni akawa anachezesha vidole na kuvileta katikati, useme ukiviona. Mimi naangalia pua yake nasubiri, nasubiri, sioni kitu, nikadhani hajaanza. Mke wangu alikuwa amekaa pale kando, nikasikia anasema kwa sauti ndogo, mbona anavichezesha muda mrefu. Daktari akarudia jicho la pili, vilevile. Akaandika kitu, akaniuliza kama huwa najigonga.

Asubuhi ya pili nikarudi saa 1 na nusu bila chai. Wakatoa damu ya testosteroni, LH na FSH (hizi mbili ndo zile amri zinazotoka kichwani kwenda kwenye korodani), prolaktini, TSH ya tezi ya shingo, na kotiso, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Majibu ya testosteroni yakaja 4.1 nikashtuka nikajua imetoka 131 imefika 4, kumbe maabara zinatumia vipimo tofauti, ile ya kwanza ilikuwa nanogramu kwa desilita na hii ni nanomoli kwa lita, ukizidisha 4.1 mara 28.8 unapata kama 118. Kwa hiyo ukibadilisha maabara angalia kile kilichoandikwa mbele ya namba. Kwenye karatasi yao kawaida ilikuwa inaanzia 10. Tukarudia tena wiki iliyofuata, ikaja 4.4.

LH nayo ilikuwa chini, na hapa daktari alichora kwenye karatasi. Korodani zikiwa ndo zimechoka, ubongo unapiga kelele na LH inapanda juu. Yangu iko chini, maana yake ubongo umenyamaza, korodani hazijapewa kazi. Na aliyeunyamazisha alikuwa kwenye mstari wa chini wa majibu, prolaktini 1,140, wakati mwanaume inatakiwa isizidi ishirini hivi. Hii ni homoni ya kutengeneza maziwa kwa mama anayenyonyesha, wanaume pia tunayo kidogo. Ikipanda sana inazima ile amri ya juu kabisa. Na ikifika namba za namna hii akasema mara nyingi kuna uvimbe kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo kama njegere iko chini ya ubongo, na juu yake tu hapo ndo inapita mishipa ya macho.

MRI nililala kama dakika 40, hela na cheni vyote nje, ile mashine inagonga kama mafundi wanapiga bati, katikati wakanichoma dawa ya kuonyesha uvimbe vizuri (walipima figo kwanza). Nilisoma kila dua ninayoijua. Jibu lilikuwa uvimbe wa milimita 22 umepanda juu unabana mishipa ya macho. Nilijua nakwenda kupasuliwa kichwa. Nilishapanga hata nitamwachia nani stoo.

Daktari bingwa wa homoni niliyepewa rufaa kwake, mzee mmoja mtulivu sana, nikampa shikamoo akaitikia akanikalisha akasema kijana, uvimbe wa aina hii sio saratani, na ni wa tofauti na mwingine wa kichwa, huu unaanza na vidonge. Vinaitwa kabagolini. Nikamuuliza mara mbili, vidonge? Akasema vidonge, mara mbili kwa wiki. Mke wangu akaanza kulia pale pale na mimi nikamshika mkono, hatukuwa tumeshikana mikono mbele za watu tangu harusi.

Kuvipata ndo ilikuwa kazi, nilizunguka maduka manne. La nne dada akaniuliza, hizi za mkeo? Maana wanazijua kama dawa ya kukausha maziwa. Nikamwambia ni zangu, akashangaa, nikamueleza, akasema hakuwahi kujua. Ni kichupa kidogo cha kioo kina vidonge 8. Nikaanza nusu kidonge Jumanne na Ijumaa, usiku baada ya kula, maana ukinywa tumbo tupu unazungukwa na kichefuchefu, na ukinyanyuka haraka kitandani dunia inayumba. Baadae nikapanda kidonge kizima. Moyo walinipima kwa ultrasaundi pia, kwa sababu hii dawa ikitumika nyingi kwa miaka inaweza kusumbua valvu.

Kuna onyo moja alilitoa akimwangalia mke wangu, sio mimi. Akasema dawa hii kwa baadhi ya watu inaleta tamaa isiyozuilika, kucheza kamari, kununua vitu ovyo, mambo ya mapenzi kupitiliza, na mwenyewe haoni, kwa hiyo mama wewe ndo jicho. Mimi sijawahi kuweka mkeka maishani lakini nilimpa simu aangalie meseji za miamala kila mwisho wa wiki, na mpaka leo anaangalia. Kama unatumia dawa hii na unabeti tafadhali mwambie daktari wako, hili watu hawaambiwi vya kutosha.

Macho ndo yalirudi kwanza. Wiki ya tatu hivi niko Kariakoo nikaona bajaji inakuja kwa pembeni bila kugeuza shingo, nikasimama pale pale njiani. Miezi mitatu prolaktini ilikuwa 74 na testosteroni 9.2. Hapo nilikuwa sijaona tofauti kubwa kitandani na nilikata tamaa kidogo, kwa sababu nilidhani ikipanda na kila kitu kinarudi siku hiyo hiyo, lakini mwili umekaa miaka bila hiyo homoni unachukua muda wake. Mwezi wa tano ile ya asubuhi ikarudi. Nililala nimetulia namsikiliza mwadhini, sikutaka hata kujigeuza. Mwezi wa saba prolaktini 11, testosteroni 14.6, bila kuchomwa sindano hata moja.

Kuhusu mtoto bado. Mbegu zilipimwa mwanzoni zilikuwa chache sana, na zinachukua kama miezi mitatu kutengenezwa tangu amri irudi, kwa hiyo tunarudia kipimo mwezi ujao pamoja na MRI nyingine kuona uvimbe umebaki ukubwa gani.

Leo ni Jumanne. Tumekula, Nasra amelala, kidonge kiko mezani kwenye kisosi pembeni ya glasi ya maji, kaniwekea mama yake kama anavyofanya kila mara, kwenye kichupa vimebaki vitatu. Ijumaa asubuhi nina zamu ya kinyozi.