Umerudi na mwenzako? Soni mnashuka kwa gia

Kila anayerudi baada ya miaka kadhaa ughaibuni huanza na hesabu ileile: kilomita gawanya kwa mia. Moshi hadi Pangani mkipitia Lushoto ni kilomita 460 na ushee, basi masaa matano, chakula cha mchana tunakula baharini. Hesabu hiyo itupeni. Kuna vijiji vya kibao cha 50, kuna matuta na rasta, kuna malori yanayopanda kwa gia ya kwanza, halafu kuna kilomita 33 za Mombo–Lushoto ambazo peke yake zinataka saa nzima, na zaidi kukiwa na ukungu. Safari hii ni ya siku tano: mchana mmoja hadi Lushoto, mlale huko usiku mara mbili, kisha Tanga na Pangani kwa siku zilizobaki. Mlima uje kwanza, bahari baadaye. Sababu ni breki, na tutaifikia.

Kabla ya barabara, gari. Wengi tunaorudi tunachukua gari lililoachwa kwa kaka au shemeji. Limekaa uani, likawashwa mara moja kwa mwezi, na kwa macho linang'aa. Anza na tairi. Ubavuni tafuta herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata, yaani meno ya tairi, inaweza kuwa nzima kabisa na mpira ukawa umekufa, kwa sababu jua na miaka huukausha hata gari likiwa limesimama. Ikunje kwa dole gumba. Ukiona mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka, hiyo si tairi ya kushukia mlima. Angalia na spea pia, ambayo mara nyingi ndiyo kongwe kuliko zote na haina upepo. Jeki na spana ya gurudumu vijaribuni pale pale uani, maana spana isiyolingana na nati huwezi kuijua mpaka siku ya pancha.

Kisha mafuta ya breki. Hapa fundi atakwambia, "Yamejaa, yako sawa." Kujaa siyo hoja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Kiwango cha mafuta kiitwacho DOT 4 (si ile DOT ya tairi) kikiwa kipya hakichemki chini ya nyuzi 230. Kikishanyonya maji kinaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka chini bila gari kushikwa. Kwa hiyo kama hayajabadilishwa miaka miwili, mwambie fundi ayatoe yote, atoe upepo kwenye breki gurudumu moja moja mpaka yatoke masafi. Kazi ya saa moja. Wakati huohuo apime unene wa pedi. Zikibaki milimita tatu, badilisha kabla ya safari.

Karatasi nazo. Leseni ya Tanzania inadumu miaka mitano, na yako huenda imekufa ukiwa huko. Bima ni ya mwaka. Namba ya gari iingize kwenye mfumo wa trafiki mtandaoni uone deni la faini, kwa sababu aliyekutunzia gari labda alikuwa analitumia zaidi ya alivyosema. Ndani ya gari ziwepo pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto ambao tarehe yake haijapita.

Ondokeni Moshi saa kumi na mbili asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hujifunika mapema, mara nyingi jua likishapanda kidogo tu, na mkishakata kulia Njia Panda ya Himo mlima unabaki kwenye kioo cha pembeni. Mwenye kutaka picha apige kabla ya hapo. Kuanzia Mwanga hadi Same na Mkomazi milima ya Upare inakaa kushoto, na tambarare kavu kulia. Mtu aliyezoea kusikia kwamba Upare na Usambara ni kijani hushangaa kuona mibuyu, mkonge na vumbi. Ni kwamba upepo wenye mvua unatoka Bahari ya Hindi. Unaigonga milima kwa upande wa mashariki, unapanda, unapoa, unamwaga maji huko. Barabara kuu imepita mgongoni, kwenye kivuli cha mvua.

Kwenye kipande hiki anayekaa kushoto ndiye utingo, asilale. Kazi yake ni vibao. Kibao cha 50 huonekana vizuri. Kinachopotea ni kile cha kufuta, chenye mistari ya kukatiza, ambacho wakati mwingine kimefichwa na mti. Msipokiona, endeleeni na 50 hata kama nyumba zimeisha, maana tochi ya kupimia kasi inawekwa hapo hapo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, mnapewa namba ya kumbukumbu na mnalipa kwa simu au benki. Pesa mkononi mwa mtu si malipo ya faini.

Lugha ya malori inabidi kujikumbusha. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia bila kukata, anakwambia usipite, kuna gari linakuja. Ya kushoto, pita. Ni hisani yake tu, siyo sheria, na macho ni yako. Akiwa kweli anakata kushoto utajikuta peke yako upande wa pili. Matawi ya majani yaliyowekwa barabarani maana yake kuna gari bovu mbele, mara nyingi baada ya kona. Na kama huko ulikotoka mlikuwa mnaendesha kulia, hatari yako kubwa haiko kwenye barabara kuu yenye magari. Ipo unapotoka sheli asubuhi na barabara tupu: mkono unakupeleka kulia wenyewe. Utingo aseme "kushoto" kila mnapoingia barabarani. Siku mbili za kwanza inachosha, semeni hivyo hivyo.

Mombo jazeni mafuta, kunyweni maji, kateni kushoto. Mombo ipo chini, kama mita 400 kutoka usawa wa bahari. Lushoto ipo karibu mita 1,400. Lami ni nyembamba, korongo upande mmoja, ukuta wa mwamba upande mwingine, na kona hazikuonyeshi kinachokuja. Piga honi kabla ya kona isiyoona. Gari linalopanda lipewe njia, kwa sababu likisimama na mzigo, kuondoka tena ni kazi. Mkipanda, zima kiyoyozi kama mshale wa joto unasogea. Ukifika kwenye nyekundu, simama pahala salama, acha injini ipoe, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka uweze kushika bomba la juu bila kuungua. Soni, kama nusu ya njia, kuna maporomoko yanayoonekana kutoka barabarani. Sehemu nzuri ya kupumzisha gari na dereva.

Lushoto kwenyewe hakuhitaji maelezo mengi. Nendeni Irente asubuhi, kilomita chache kutoka mjini, muangalie tambarare ya Mazinde chini ya miguu yenu kabla ukungu haujapanda. Msitu wa Magamba unataka viatu vya kushika tope. Kijiji cha Mtae kiko mbali, na barabara yake ni ya mawe na vumbi, yafaa kwa gari lililoinuka na siku nzima. Juni hadi Agosti chukueni masweta ya kweli. Usiku unashuka chini ya nyuzi 15, na nyumba nyingi hazina cha kupashia joto.

Sasa kushuka. Gari la tani moja na nusu likiteremka mita 1,000 linatoa joto la kutosha kuchemsha ndoo mbili za lita 20. Joto hilo lazima liende mahali. Ukikanyaga breki njia nzima, linaingia lote kwenye breki nne ndogo. Ukishusha gia, sehemu kubwa inamezwa na injini, ambayo ina rejeta na feni kwa kazi hiyo. Hapa ndipo mikono iliyozoea barabara pana za ng'ambo inapokosea: inaacha gari kwenye D na mguu juu ya breki.

Kanuni ya madereva wa Lushoto ni rahisi, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa gari la manyuo ni ya pili, wakati mwingine ya kwanza kwenye kona kali. Kwa otomatiki, weka 2 au L, au S au B kutegemea gari. Zile za zamani kutoka Japani zina kitufe cha O/D (gia ya juu kabisa) ubavuni mwa mkono wa gia, kibonyeze hadi taa ya O/D OFF iwake, lakini kwa mteremko wa Soni hiyo peke yake haitoshi. Ingiza gia kabla mteremko haujaanza, siyo katikati. Injini italia na mshale wa mizunguko utafika 3,000 au 4,000. Muache alie, hajaumia. Breki tumia kwa vipindi: kanyaga kwa nguvu, punguza hadi kasi unayotaka, achia kabisa zipoe, kisha tena. Kugusagusa njia nzima ndiko kunakoziunguza.

Kuna wanaoshuka nyutro wakidai wanaokoa mafuta. Injini za sindano za siku hizi hukata mafuta kabisa gari linapoteremka likiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye akseli. Kwenye nyutro ndipo zinakunywa ili zisizime. Kwa hiyo anapoteza breki ya injini na mafuta pia.

Dalili za kuharibika zinakuja kwa mpangilio. Kwanza harufu kali, kama ya waya unaoungua. Kisha pedali inakwenda ndani zaidi ya kawaida. Ukifika hapo usizime injini, kwa maana utapoteza msaada wa breki na usukani utakuwa mzito. Pampu pedali haraka haraka, shusha gia moja baada ya nyingine, vuta hendibreki polepole ukiwa umebonyeza kitufe chake, na utafute upande wa ukuta, si wa korongo. Mkishasimama wekeni jiwe chini ya gurudumu na mkae nusu saa au zaidi. Vijana watakuja na ndoo ya maji kwa nia njema; wakatazeni. Diski ya moto ikimwagiwa maji baridi inapinda au inapasuka.

Kukiwa na ukungu, washa taa za mbele za chini, si za juu. Za juu zinagonga ukungu na kurudi machoni. Na msishuke alfajiri sana siku za mboga zinapokwenda sokoni, kwani malori yaliyojaa ndiyo yanayotawala kona.

Kutoka Mombo ni Korogwe, kisha Segera mkate kushoto, Muheza ya machungwa, na Tanga. Kipande cha kawaida. Mwenye muda aende Mapango ya Amboni, karibu kilomita nane kaskazini ya mji, na viatu visivyoteleza.

Tanga hadi Pangani ni kilomita 50, na njiani kuna magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya nguzo, ambayo wengi wanayapita kwa sababu wanawahi ufuko. Ufuko wenyewe hauwahiwi kwa kasi ya gari, unawahiwa kwa maji. Waliokaa bara na ughaibuni husahau jambo hili kabisa: wanafika saa nne asubuhi wakiwa na taulo, wanakuta bahari iko mbali, matope na mwani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani hii maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki, kwenye maji mafu, inageuka: yanajaa mnamo saa nne, lakini tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa kuogelea chagueni masaa mawili kabla na baada ya maji kujaa. Kwa kisiwa cha Maziwe ni kinyume, maana ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Nahodha ndiye atakayewaambia saa ya kuondoka, na hapo hakuna kubishana naye. Kusi likivuma, Juni hadi Agosti, bahari inachafuka. Mwenye tumbo jepesi aje wakati wa kaskazi.

Anayetaka kwenda Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, kwa kivuko: abiria washuke kwa miguu, dereva peke yake aingie na gari, mkanda umefunguliwa na vioo vimeshushwa, kisha hendibreki na gia. Maji yakiwa yamepwa mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, na gari lenye bampa la chini linakwaruza. Subirini yajae kidogo.

Mchangani msiende bila sababu. Mkilazimika, punguzeni upepo wa matairi hadi psi 18 hivi, endeni kwa mwendo mmoja bila kusimama. Gurudumu likianza kuzunguka mahali pamoja, acha hapo hapo. Kila mzunguko unachimba kaburi. Fukueni mbele ya matairi, tandikeni mazulia ya gari, toeni polepole kwa gia ya pili. Jazeni upepo kabla ya kurudi lamini, kwani tairi legevu kwenye kasi linachemka na kupasuka.

Asubuhi ya kwanza pwani mtasikia breki zikikwaruza. Ni kutu nyepesi ya usiku juu ya diski, inaisha baada ya kukanyaga mara tatu nne. Usiku msivute hendibreki. P au gia, na jiwe, inatosha, hewa ya chumvi huzigandisha, na ndiyo sababu mlima ulikuja kwanza. Na mkirudi Tanga, kabla ya kugeuza kuelekea bara, pitieni pa kuoshea magari mumwambie kijana aanze chini ya gari, kwa maji yasiyo ya bahari, ndani ya matao ya matairi na nyuma ya bampa. Juu atamalizia akipenda.