Koti la Sufuria kwa Anayejipikia Mlimani

Anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon huku akijipikia mwenyewe hutambua mapema kwamba gesi ndiyo inayopanga chakula cha safari. Mikebe ya gesi ya majiko madogo ni ghali, haipatikani katika kila duka, na ukishauacha msitu nyuma yako hakuna kuni za kukuokoa. Isitoshe, maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda: Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini katika kambi ya Shipton, iliyo takribani mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 86 au karibu na hapo. Ukiuongeza moto hupati joto zaidi, unapata mvuke mwingi na mkebe unaozidi kuwa mwepesi. Ndiyo maana wali wa mlimani hukawia, na anayeungoja uive juu ya jiko linalowaka hujikuta amemaliza gesi ya siku mbili kwa mlo mmoja.

Kwa bahati nzuri, kinachoivisha mchele ni maji ya moto yanayokaa nao kwa muda wa kutosha, na wanga wake huanza kuvimba na kulainika hata kabla maji hayajafika nyuzi 80. Wanaopikia katika kile kikapu kilichojazwa matambara au blanketi kuukuu wanalijua hili vizuri: chakula huchemshwa kidogo, hufunikwa, kisha huendelea kuiva chenyewe bila moto. Kikapu hicho hakibebeki mlimani, lakini kazi yake inaweza kufanywa na koti jepesi la kuvisha sufuria, ambalo mtu hulikata na kulibandika mwenyewe mezani kwa jioni moja.

Malighafi ninayoipenda ni ile karatasi yenye viputo vya hewa katikati na mng'ao wa fedha pande zote mbili, inayotandikwa chini ya mabati ili nyumba isipate joto kali. Huuzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na fundi aliyemaliza kuezeka mara nyingi hubaki na vipande asivyovihitaji. Kinga ya jua ya kioo cha mbele cha gari, ikiwa ni ya aina hiyo hiyo ya viputo, hufaa pia. Wauzaji husifu sana ule mng'ao, nami naona wanausifu kupita kiasi. Karatasi inayong'aa ikigusana na sufuria hupitisha joto kama chuma chochote, na kazi kubwa inafanywa na hewa iliyofungiwa kwenye viputo isipate nafasi ya kuzunguka. Kwa hiyo mwenye mkeka wa povu wa kulalia uliochakaa asione haya kuukata, kwani matokeo yake hayako mbali.

Vipimo si vigumu. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 16 ina mzingo wa sentimita 50 hivi, na kwa sababu koti lina unene wake, ukanda unapaswa kuwa na urefu wa sentimita 53 au 54. Njia ya uhakika ni kuizungushia sufuria karatasi yenyewe, kutia alama pale ncha zinapokutana, kisha kukata. Ncha hizo zigusane bila kupandana, zibandikwe kwa utepe wa alumini ndani na nje, na mahali pa mpini pakatwe mwanya mwembamba. Duara la chini hubandikwa kwenye ukanda huo. Sufuria iingie kwa kubana kidogo, lakini iweze kutoka bila kuvutana nayo, kwa maana mvutano huo ndio unaomwaga supu.

Kifuniko ndicho kinachostahili uangalifu wako wote. Wengi hushona koti zuri la ubavuni na kuuacha mfuniko wa bati wazi, ilhali joto jingi hutorokea juu pamoja na mvuke. Kata duara linalozidi upana wa koti, libandikie ukanda wa sentimita 5 kuzunguka ukingo wake, ili likae juu ya koti kama kofia ya kiua na kuteremka hadi ubavuni. Chini nako kuna mwizi mwingine, yaani jiwe baridi la kambini. Tandika kipande cha mkeka au kamba iliyokunjwa kabla ya kuweka sufuria. Jiko liwe limezimwa kabisa kabla ya sufuria kuvishwa, kwa sababu viputo ni plastiki na moto huviyeyusha papo hapo.

Tambi nyembamba, shayiri ya uji, viazi vya unga na mchele uliolowekwa mchana kutwa ndani ya chupa hukubali mpango huu bila matatizo. Chemsha dakika chache, zima, visha, na usifunue kuchungulia. Githeri inawezekana pia, mradi iwe imeivishwa kabisa nyumbani na kukaushwa kabla ya safari. Maharagwe mabichi mekundu nayakataza bila kusita: yana sumu inayohitaji kuchemshwa barabara ili iharibike, na joto la sufuria iliyovishwa koti halitoshi, achilia mbali kwamba huko juu hata maji yanayochemka hayafiki nyuzi 90. Chakula kikishapoa na kuwa vuguvugu kiliwe au kichemshwe upya. Koti si mahali pa kulaza wali hadi asubuhi.

Wamarekani wengi wanaotembea na mizigo midogo humimina maji ya moto ndani ya mfuko wa plastiki wenye chakula kikavu, kisha huuvisha mfuko huo koti lake. Sioni sababu ya kuwaiga. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya, na sufuria uliyokwisha kuibeba inatosha kuwa bakuli. Ukimaliza kula, geuza koti ndani nje na ulianike, maana mvuke unaobaki kwenye maungio huachisha gundi ya utepe, na harufu ya kitunguu ikishaingia humo haitoki hadi ubandue utepe wote na kubandika mwingine.