Lenzi mbili za kopo la maziwa: natafuta umri wake

Jumamosi ya kwanza

Bibi anapunguza vitu kwenye nyumba yake ya Uhindini, hapa Mbeya. Nilikwenda kubeba makabati, nikarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na lenzi mbili zilizofungwa kwenye kipande cha khanga. Marehemu babu alikuwa mpiga picha wa studio. "Chukua mjukuu wangu, wewe ndiye unayehangaika na makamera," akasema. "Hizo ni za Mjerumani, za kabla ya vita ya kwanza."

Ndogo haikunisumbua. Kwenye ringi imeandikwa Kodak Ektar 127mm f/4.7, na namba yake inaanza na herufi EI. Kodak walificha mwaka ndani ya neno CAMEROSITY: C ni 1, A ni 2, M ni 3, na kuendelea hivyo hadi Y, ambayo ni 0. E ni 4, I ni 8. Basi ni 1948, Marekani, na vita zote mbili zilishakwisha. Tahadhari moja tu: soma herufi za kwenye ringi ya kioo, usisome namba za shata (kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga), maana shata hubadilishwa kama tairi.

Kubwa ndiyo iliyonila wiki tatu.

Jumatano

Ni ya shaba, nzito. Shata yake ina mitungi miwili midogo ubavuni, kama pampu za baiskeli za watoto. Nimeisugua kwa kitambaa kikavu mpaka maandishi yakajitokeza: Bausch & Lomb Opt. Co., Rochester, N.Y. Chini yake kuna tarehe: Jan. 6, 1891.

Nikapiga kelele peke yangu. Nikawatumia ndugu wote picha: lenzi ya 1891 jamani!

Jumapili

Nafuta kauli. Mbele ya ile tarehe kuna herufi tatu nilizozipuuza, "Pat." Hiyo ni tarehe ya hataza, yaani siku mbunifu alipopewa haki yake. Kiwanda kiliendelea kuigonga tarehe hiyohiyo kwenye kila shata miaka na miaka. Shata yenyewe ni Unicum, na Unicum ilianza kuuzwa mwaka 1897. Ndugu hawajaniacha mpaka leo.

Bibi naye hakukosea kabisa. John Jacob Bausch na Henry Lomb, walioanzisha kampuni hiyo mwaka 1853, wote wawili walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Nilipomweleza alicheka: "Si nilikwambia?"

Jumanne, umeme umekatika

Giza limenisaidia. Kioo hakina jina, kwa hiyo nimehesabu vimulimuli, yaani mwanga unaorudishwa na kioo. Unawasha tochi, unaishika juu ya bega, unatazama vimulimuli ndani ya lenzi. Kila uso wa kioo unaogusa hewa unatoa kimulimuli kikali. Pale vioo viwili vilipogundishwa, kimulimuli ni hafifu, inabidi uinamishe lenzi kidogo kidogo ndipo ukione. Mbele nimepata vikali viwili na hafifu kimoja. Nyuma vilevile. Pande mbili zinazofanana, kila moja vioo viwili vilivyogundishwa: hiyo ni Rapid Rectilinear, muundo ambao Dallmeyer wa Uingereza na Steinheil wa Ujerumani waliutoa mwaka mmoja, 1866, kila mtu kwa njia yake.

Vimulimuli vyote ni vyeupe, kwa hiyo kioo hakijapakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Ile Ektar, iliyopakwa, inarudisha zambarau.

Jumamosi ya tatu

Nimeifunga kwenye kamera yangu ya plaiwudi nikapiga mlima Loleza asubuhi, kwa karatasi ya picha badala ya filamu. Tundu la kupitishia mwanga nimeweka 4, muda nimepigia hesabu ya f/4, yaani umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi picha ya kitu cha mbali inapotulia) ukigawanywa kwa upana wa tundu unapata 4. Karatasi imetoka karibu nyeupe, yaani imepata mwanga kidogo mno, mlima hauonekani. Nikaweka 16 kwa hesabu ya f/16: safi kabisa, hadi miti inahesabika. Lenzi gani hii inayosema kweli kwenye namba moja na kudanganya kwenye nyingine?

Nikaazima kalipa, kile kipimo cha upana, kwa fundi wa mashine. Umbali wa fokasi nimepata milimita 203, inchi nane. Tundu likiwa kwenye 4, upana wake ukitazamwa kutoka mbele, kupitia kioo (si kwa kuingiza chuma ndani, utapata pungufu), ni milimita 25 na kidogo. 203 kwa 25 ni 8. Kumbe hiyo 4 ni f/8!

Ni vipimo vya zamani vya Waingereza vya miaka ya 1880, vinavyoandikwa U.S., na hizo herufi si Marekani bali Uniform System. Namba ikiongezeka mara mbili, muda nao unaongezeka mara mbili: 4, 8, 16, 32, 64, 128. Mfumo huu na ule wa f/ inakutana kwenye 16 tu. Nilipoweka 4 niliinyima karatasi robo tatu ya mwanga niliodhani naipa.

Kwenye kopo nimebandika karatasi: "1897 au baadaye." Maana yake inaweza kuwa kongwe kuliko mji huu, uliokua kwa dhahabu ya Lupa kule Chunya kwenye miaka ya 1920 na 1930.

Kilichobaki ni mtungi wa kushoto. Unanata, sekunde moja inakuwa tatu. Fundi alishachukua kopo la oili nikamshika mkono. Ile mitungi inafanya kazi kwa hewa. Ukitia oili, ndiyo basi tena. Nimeufungua, nimeuacha dirishani ukauke, na kwa baridi hii ya Julai sijui jua litatoka lini.