Kihispania au Kijapani: nilivyochagua darasa la lugha

Fomu ya skuli ilikuwa na nafasi ya lugha moja tu ya ziada, na majina mawili ya kuchagua: Kihispania na Kijapani. Nilichagua Kihispania. Wepesi haukuwa sababu, maana yale yanayosemwa kila siku, kwamba Kihispania ni laini na Kijapani ni jiwe, kwa ulimi wa Mzanzibari hayasimami. Nilizipima lugha zote mbili kwa wiki 4, nikapiga hesabu ya saa, na hesabu ndiyo iliyokata shauri. Mwenye saa nyingi kuliko zangu anaweza kupima vilevile na akachagua Kijapani, na akawa sahihi kabisa.

Kipimo kilikuwa hivi: siku 14 za Kihispania, kisha siku 14 za Kijapani, dakika 40 kila siku baada ya alasiri, bila kuchanganya. Ukizisoma mbili kwa siku moja utapima uchovu wako, si lugha. Nilinunua daftari moja la mistari, daftari moja la hesabu lenye miraba, na mabango 3 ya manila. Bango unalikata nusu kwa nusu mara 6, unapata kadi 64. Bango la kwanza lilikuwa la maneno ya Kihispania, la pili la maneno ya Kijapani, la tatu la herufi za Kijapani. Maneno yalikuwa 40 kwa kila lugha, na ni yale yale: maji, samaki, soko, kesho, kununua, ghali, na kadhalika. Siku ya mwisho ya kila lugha nilijipima, halafu nikaziweka kadi zake bila kuzigusa siku 7, nikajipima tena. Jaribio hili la pili ndilo la kutazamwa. Darasa la skuli lina likizo, lina wiki za mitihani, lina siku mwalimu hakuja. Lugha inayomwagika ndani ya wiki moja itakugharimu kuliko inavyoonekana ukiwa na kadi mkononi.

Nianze na matamshi, kwa sababu hapa aliyesoma chuo cha Kurani ana mtaji asioujua. Kihispania kina irabu 5 zile zile zetu. Herufi j ni kh ya "kheri". Herufi z, kwa watu wa Madrid, ni th ya "thamani". Herufi d ikiwa baina ya irabu, kama katika "nada" (hakuna kitu), hulainika ikawa karibu na dh ya "dhahabu", na g ya "agua" (maji) huelekea kwenye gh ya "ghali". Ñ ni ny. Inayobaki ni rr, na hiyo ni r yenye shadda, yaani iliyokazwa mara mbili, kama unavyoisoma katika "Ar-Rahman". Usipoitia shadda, "perro" (mbwa) inakuwa "pero" (lakini).

Kijapani nacho kina irabu 5, na silabi zake nyingi zinaishia kwa irabu kama zetu. Linalowatesa wanafunzi wa kwengineko ni urefu: "obasan" ni shangazi, "obaasan" ni bibi, "kite" ni njoo, "kitte" ni stempu ya barua. Kwa aliyejifunza tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, hili si geni. Irabu ndefu ya Kijapani ina mapigo 2, sawasawa na harakati 2 za madda (kurefusha irabu) ya kawaida, na ile t ya "kitte" ni shadda. Hata n yao inayosimama peke yake tunayo: "hon" (kitabu) ina mapigo mawili, ho-n, kama "nchi" ilivyo n-chi.

Makosa yetu yanatoka pengine. Kiswahili hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunayabeba kila tuendako. Katika Kihispania yanatusaidia nusu: neno likiishia kwa irabu, n au s, mkazo uko pale pale petu (casa, hablan, libros), likiishia kwa konsonanti nyengine, mkazo unakwenda mwisho (hablar, papel, ciudad), na lisilofuata kanuni huandikwa alama juu (café, árbol). Alama hiyo si pambo. "Hablo" ni ninasema, "habló" ni alisema. Katika Kijapani mazoea yale yanaharibu kabisa, kwa sababu hakuna silabi inayokandamizwa hivyo. Sauti hupanda na kushuka tu, na kila pigo lina urefu sawa. Pia u ya mwisho katika "desu" karibu haisikiki, nasi tunaitamka yote.

Kwa msamiati Kihispania kilishinda mapema. Kiarabu kilikaa Andalusia kwa karne nyingi, na kwetu kimefika kwa njia ya bahari, kwa hiyo lugha hizi mbili zina wajomba wamoja. Azúcar ni sukari. Azafrán ni zafarani. Fulano ni fulani. Hasta (mpaka) inatokana na "hatta", ambayo kwetu imekuwa "hata". Alcalde anatokana na kadhi, ila kwao leo ni meya, kwa hiyo usimpelekee kesi ya mirathi. Juu ya hayo kuna maneno tuliyoachiwa na Wareno, ambayo Kihispania kinayo kwa sura ya jirani: mesa, bandera. Baada ya siku 7 za kutogusa kadi, maneno ya namna hii yalikuwa bado yamekaa. Upande wa Kijapani, yaliyokaa ni niliyoyasikia kwa sikio. Niliyoyajua kwa kuyaona tu karatasini yalikwenda.

Katika sarufi nilitarajia Kijapani kianguke, na hakikuanguka. Kitendo chake hakibadiliki kwa nafsi: mimi, wewe, wao, umbo ni moja. Vitu havina dume wala jike. Kuna ngeli ya uhai kama ya kwetu: tunasema paka yupo lakini meza ipo, nao husema "neko ga imasu" kwa paka na "tsukue ga arimasu" kwa meza. Kuhesabu kunafuata umbo la kitu, vyembamba virefu kwa "-hon", vya bapa kwa "-mai", na kwa mtu aliyezoea mtu mmoja, kitu kimoja, jiwe moja, wazo hilo linaingia haraka, ingawa sauti zinazobadilika (ippon, nihon, sanbon) lazima zikaririwe. Viambishi navyo vinapangwa kama vyetu. Kula, kulisha, kuliwa, kulishwa: taberu, tabesaseru, taberareru, tabesaserareru. Itazame "tabe-sase-rare-ru" kando ya "li-sh-w-a": kufanyisha kwanza, kufanywa baadaye, mpangilio mmoja.

Mfano ulio karibu zaidi uko ndani ya gari. Gari nyingi zilizotumika Japani zikiwashwa huku kwetu hutoa sauti ya mwanamke. Anasema: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Sentensi hiyo unaisikia mara kadhaa kwa siku bila kulipa ada. "Kaado" ni kadi, ile ya kulipia barabara kwao. "Ga" inaonyesha kinachosemwa. "Soonyuu" ni kuingiza. "Sarete" inatokana na "suru", kufanya, iliyotiwa umbo la kufanywa. "Imasen" ndiyo kukanusha kwa adabu. Yaani: kadi haijaingizwa. Kitenzi kiko mwisho, na mwisho huo ndio mtihani wa Kijapani, maana mpaka mtu amalize hujui kama anakubali au anakataa. Ukishuka garini, tazama mlango wa Hiace: mara nyingi utakuta 自動ドア, "jidoo doa", mlango wa kujiendesha.

Hapo ndipo tunapofika kwenye maandishi. Kijapani huandikwa kwa aina 3 za herufi: hiragana na katakana, ambazo ni za sauti, na kanji, ambazo ni za maana. Hiragana zina herufi 46 za msingi katika safu 10. Safu moja kwa siku, ndani ya daftari la miraba, kila herufi mara 20, unamaliza kwa siku 10. Fuata mpangilio wa mikwaju, yaani mistari inayounda herufi, tangu siku ya kwanza. Katika katakana, シ (shi) na ツ (tsu) hutenganishwa na uelekeo: mkwaju mrefu wa shi hupanda kutoka chini, wa tsu hushuka kutoka juu. Aliyejifunza kwa kuchora picha badala ya kufuata mikwaju atazichanganya hizo, na ソ (so) na ン (n) pia, mpaka mwaka wa pili. Haya yote yanawezekana. Kinachokula umri ni kanji. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136, na 1,026 kati ya hizo watoto wa Japani hufundishwa katika miaka 6 ya msingi, nao lugha wanayo tayari. Herufi moja ina sauti kadhaa: 生 unaweza kuikuta ni sei, shoo, nama, au mwanzo wa ikiru (kuishi) na umareru (kuzaliwa).

Sasa saa. Darasa letu lilikuwa na vipindi 3 vya dakika 40 kwa wiki, yaani saa 2. Ukitoa mitihani na sikukuu, nilikadiria wiki 36 za kusoma khasa, kwa hiyo saa 72 kwa mwaka, saa 288 kwa miaka 4. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wao hukadiria saa 600 hadi 750 kwa Kihispania na 2,200 kwa Kijapani. Hesabu hizo ni za wasemaji wa Kiingereza, si zetu, lakini uwiano wake unafaa: mara tatu hivi, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni maandishi, ambayo Kiswahili hakikusaidii kitu. Nikiongeza nusu saa nyumbani siku 6 za wiki, napata saa 156 kwa mwaka, 624 kwa miaka 4. Jumla 912. Kihispania kinafika. Kijapani hakijafika nusu ya safari. Kwa mwendo wa kanji 5 kwa wiki za masomo ni 180 kwa mwaka, na miaka 4 inakuachia 720, chini ya mtoto wa msingi. Bila ya nusu saa ile ya nyumbani, usijaze Kijapani kabisa. Utabaki na salamu na herufi.

Kabla ya kurudisha fomu nilikwenda ofisini kuuliza, na nashauri kila mtu aulize: nani anafundisha, na atakuwepo mpaka lini? Mwalimu wa Kijapani akiwa ni mjitolea wa JICA, shirika la misaada la Japani, kwa kawaida mkataba wake ni miaka 2, basi mwaka wa tatu darasa ni la nani? Uliza pia idadi ya vipindi iliyo kwenye ratiba, si ile ya maneno.

Wapo wanaojaza Kijapani kwa kutafuta ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT. Ule wa shahada ya kwanza umetengewa mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha kulekule, kwa hiyo Kijapani cha skuli kinakusaidia lakini si mlango. Hisabati ndiyo ya kutilia mkazo. Sababu nzuri zaidi ya kukichagua ni hii: NHK World, huduma ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, ina idhaa ya Kiswahili, na masomo yake ya Kijapani yanaelezwa kwa Kiswahili, hupiti kwenye Kiingereza. Kwa Kihispania sikupata kitu cha namna hiyo. Maelezo karibu yote ni kwa Kiingereza, na wasioelewa Kiingereza vizuri wanasoma lugha mbili kwa mpigo mmoja. Hili ni pungufu kubwa na linastahili kufanyiwa kazi na walimu wetu.

Kihispania nacho kina watu wa kukisema karibu. Watalii wanaokisema wanafika fukwe za Nungwi na Paje, na madaktari wa Cuba wamefanya kazi hospitalini Unguja kwa miaka mingi. Ila wasikuchanganye: mtu wa Madrid husema "grathias", mtu wa Cuba "grasias", na Mcuba huipunguza au huimeza s ya mwisho, "los libros" ikasikika kama "lo libro". Chagua matamshi ya mwalimu wako uyashike, mengine yaelewe tu.

Muhula wa kwanza wa Kihispania makosa matatu yanatungoja. Moja, "yeye" wetu hana jinsia, basi él (yeye mwanamume) na ella (yeye mwanamke) tunazipachika ovyo. Pili, nomino tunaikariri bila kibainishi chake, el (cha kiume) au la (cha kike). Andika "la mano", "el día", "el problema" pamoja tangu kadi ya kwanza, kwa sababu mwisho wa neno utakudanganya. Tatu ni ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa". "Niko nyumbani" ni "estoy en casa", "mimi ni mwalimu" ni "soy profesor", na hapo Kiswahili kinakuongoza vizuri. Lakini "mimi ni mgonjwa" ni "estoy enfermo", na "sherehe iko Nungwi" ni "la fiesta es en Nungwi", kwa kuwa tukio hutumia ser hata ukitaja mahali. Sentensi hizo mbili niliziandika kwenye jalada la daftari.

Yale mengine yanakuja na faida. "Te quiero" imepangwa kama "na-ku-penda", kiwakilishi kabla ya kitendo. Na vitenzi vinavyoishia kwa -ar, kama hablar (kusema), vinapoingia katika kutaka na kuamuru, a inageuka e, kama vyetu: habla, anasema, quiero que hable, nataka aseme. Vya -er na -ir vinakwenda kinyume, e kuwa a: come, anakula; que coma, ale. Anza na vya -ar, vikae wiki mbili, ndipo uguse vyengine.