Katlesi za viazi na vita vya maji

Nakuru, Jumamosi

Mtu akilalamika kwamba katlesi zake zimesambaratika kwenye mafuta, wengi watamwambia aongeze yai. Mimi naona ushauri huo unatibu dalili. Yai husitiri kosa lililokwishafanyika kwenye sufuria ya kuchemshia, saa nzima kabla karai haijapanda motoni. Maji yakibaki ndani ya viazi, mafuta ya moto huyageuza mvuke, na mvuke huo lazima utoke. Utatokea popote palipo dhaifu, na hapo ndipo katlesi inapopasuka.

Kwa hiyo kazi yote, kuanzia sokoni, ni kupunguza maji.

Viazi vinavyoteremka hapa kutoka Molo, Kuresoi na Mau Narok vingi ni vya aina ya shangi. Shangi huiva haraka na hupondeka laini bila kubembelezwa. Ubaya wake ni kwamba macho yake yamezama ndani, na ukimenya kabla ya kupika utatupa kiazi kingi pamoja na ganda. Tena kikizidi kuiva hupasuka na kunywa maji. Basi chemsha na maganda yake, vizima, uchague vinavyolingana ukubwa. Viweke kwenye maji baridi yaliyotiwa chumvi ndipo uwashe moto. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayotokota, nje huvurugika kabla ya kiini kuiva. Vyenye rangi ya kijani viache, ni vichungu na sumu yake haiishi kwa kuchemshwa. Vilivyokaa kwenye friji navyo havifai sana: baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na katlesi itakuwa nyeusi nje kabla hujageuza upande wa pili.

Kuhusu muda, usiamini sana dakika zilizoandikwa na mtu anayepika karibu na bahari. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,130, ni kama nyuzi 96. Kuongeza makaa hakupandishi joto hilo, kunamaliza maji tu. Kiazi cha ukubwa wa kati kinachoiva kwa dakika 20 Mombasa, hapa kipe 25, hata 30, na ukiwa Molo, juu zaidi, ongeza tena. Chomeka kisu chembamba: kikizama hadi katikati bila kukwama, na kiazi kikateleza chenyewe kutoka kwenye kisu, epua.

Sasa hatua ambayo watu huiruka. Mwaga maji yote, rudisha viazi kwenye sufuria ileile, na uviweke juu ya moto mdogo dakika 2 ukitikisa. Utaona mvuke ukitoka, na maganda yakianza kufifia na kukauka. Menya vikiwa bado moto, ponda kwa mwiko au uma, kisha tandaza kwenye sinia vipoe. Blenda usiiguse. Visu vyake hupasua chembe za wanga, na badala ya viazi unapata gundi inayovutika, ambayo hakuna unga wala yai litakaloiokoa. Vikishapoa, funika uviweke mahali pa baridi saa moja. Wanga uliopikwa hukaza ukipoa, na mchanganyiko uliokuwa ukinata vidoleni hukubali kufinyangwa.

Viungo vya kilo 1 ya viazi: jira kijiko 1 cha chai, ikaangwe kavu mpaka inukie kisha ipondwe nusunusu, bizari ya manjano robo kijiko, garam masala nusu kijiko, tangawizi iliyopondwa kijiko 1, vitunguu saumu punje 3, pilipili kali 2 zilizotolewa mbegu, dhania kiganja kimoja. Kitunguu maji kiwe kimoja kidogo, kikatwe vipande vidogo kabisa, na kikaangwe na tangawizi na saumu mpaka kikauke. Kitunguu kibichi kina utamu wake, sikatai, lakini chumvi ikikigusa kinatoa maji, na katlesi uliyoifinyanga saa nne italegea saa tano. Dhania nayo ioshwe mapema na ikaushwe kwa kitambaa. Ndimu isiingie humu. Mahali pake ni kwenye chatne. Chumvi, kijiko 1 cha chai, iwe ya mwisho, kisha onja.

Mchanganyiko ukiwa bado laini, ongeza vijiko 2 vya chakula vya ule unga mweupe wa mahindi wa kupikia kastadi, au chenga za mkate mkavu. Ukihitaji zaidi ya vijiko 4, jua viazi vilinyeshewa na maji jikoni, na katlesi zitakuwa na ladha ya unga.

Wanaotia nyama ya kusaga, robo kilo inatosha. Ikaangwe peke yake mpaka iache kutoa maji na ianze kulia chwaa kwenye sufuria, halafu ipoe.

Paka viganja mafuta, chukua gramu 60, viringisha, kisha bonyeza mpaka unene wa sentimita 1.5. Kilo moja hutoa 14 au 15. Tazama ukingo: ukiona nyufa ndogo kama za udongo mkavu, zungusha ukingo huo kwa kidole mpaka zifunge, maana ufa mdogo mkononi ni mlango kwenye mafuta.

Pwani huichovya katlesi kwenye yai lililopigwa na kuikaanga. Wahindi wa kaskazini, wanaoiita aloo tikki, kwa kawaida hawatii yai, wanaichoma kwenye tawa, kile kikaango bapa cha chapati, kwa mafuta kidogo. Zote mbili nzuri. Nikilazimishwa kuchagua nachukua ya tawa, kwa sababu viazi vyenyewe ndivyo vinavyokauka na kuwa gamba, na jira inasikika.

Mafuta yawe na kina cha nusu sentimita, na yapate moto sawasawa: ncha ya mwiko wa mti ikiguswa nayo izungukwe mara moja na mapovu madogo. Yakiwa baridi katlesi hunywa mafuta. Yakitoa moshi huungua nje na ndani ikabaki baridi. Kwenye jiko la makaa, subiri makaa yafanye majivu kidogo juu. Kaanga 4 kwa mara moja, kwani ukijaza karai joto hushuka. Usiguse kwa dakika 3. Ikigoma kuachia karai, haijawa tayari kugeuzwa. Ukiilazimisha gamba litabaki chini. Ikiiva iweke kwenye chujio au wavu. Juu ya karatasi, mvuke hurudi chini na kulainisha upande mmoja.

Kwa chatne, loweka gramu 50 za ukwaju kwenye kikombe cha maji moto dakika 15, kamua, chuja, tia sukari kijiko 1, chumvi na pilipili. Za kuweka akiba zigandishwe mbichi, zikiwa zimetengana kwenye sinia, ndipo zitiwe mfukoni. Siku ya kukaanga usiziyeyushe kwanza, maana barafu ikiyeyuka inarudi kuwa maji. Ziingie kwenye mafuta zikiwa ngumu hivyohivyo, kwa moto mdogo zaidi, dakika 5 au 6 kila upande.